Albamu Mpya Haina Kukhu

Juzi nilitoka kazini nikapitia barabara ya Luthuli hapa Nairobi kununua waya wa pasi, na hapo ndipo nilipomsikia nyanya yangu akichekwa na watu asiowajua.

Kulikuwa na duka la spika, zile kubwa zinazopangwa mlangoni hadi ukipita kifua kinatetemeka. Walikuwa wakipiga albamu mpya ya Kutu. Kama ulikulia upande wetu wa mji, huhitaji kuambiwa Kutu ni nani. Kama hukukulia huko, basi hao ni bendi ya roki, vijana wanne wa Kangemi waliotoa kaseti moja tu nikiwa darasa la tano. Iliitwa "Maji Hakuna", na ilipigwa kutoka Kangemi hadi Jamhuri mpaka ikakwaruzika. Sasa wamerudi, watu wazima wenye vitambi, na albamu inayoitwa "Upeo". Nilisimama. Nani hangesimama? Wimbo uliokuwa ukipigwa ulikuwa ule wa mwisho wa kaseti ya zamani, wameurekodi upya.

Ulipofika katikati muziki ukanyamaza, na sauti ya mwanamume anayejifanya bibi kizee ikapaa kwa lafudhi ya kuigiza: "Machi! Machi yamekucha! Mama, leta mtunki!" Vijana waliokuwa mlangoni wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwenye duka akarudisha nyuma ili wacheke tena.

Ndugu yangu, nilishikwa na kichefuchefu. Wala sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Mate yalinijaa mdomoni nikashika ukuta kama mtu aliyekula samaki aliyeoza. Waya wa pasi sikununua.

Yule anayeigwa ni nyanya yangu mzaa mama. Tulimwita kukhu, kama nyanya wanavyoitwa kwetu magharibi, naye aliniita "mama" kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Kwenye kaseti ya zamani sauti hiyo ni yake mwenyewe. Tena ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani, maana alikufa kabla watu wa hali yetu hawajamiliki simu za kurekodi. Kaseti yetu ya nyumbani ilitafunwa na redio zamani. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiisikiliza albamu ile mtandaoni kila Jumapili nikipika, ili tu nifike hapo mwisho nimsikie. Nilipofika nyumbani jioni hiyo nikaitafuta. Haikuwepo. Wenyewe wameiondoa, wakaweka hii takataka mahali pake.

Kaa basi nikueleze kwa nini nimekasirika hivi.

Ploti yetu ilikuwa kwenye mteremko wa kwenda mtoni, vyumba kumi na viwili vya mabati vikitazamana, ua wa matope katikati, mfereji mmoja wa bomba langoni. Mama yangu alifua nguo za watu huko Muthangari, akiondoka kabla sijaamka na kurudi jioni vidole vimekunjamana kwa maji. Kwa hivyo mtu wangu wa mchana kutwa alikuwa kukhu. Asubuhi alikaanga mandazi akauza pale langoni. Mchana alipika mrenda, na harufu yake ya kijani ilikaa kwenye mapazia hadi leo nikipita soko la mboga nageuka kumtafuta. Mabati yakishikwa na jua yalilia tik, tik, tik. Mashine ya kusaga unga ilinguruma nyuma ya ukuta, na ilipozimwa saa saba tulisikia masikio yetu wenyewe.

Maji yalikuja mara moja kwa wiki, na hakuna aliyejua siku. Ploti ilikuwa na sheria yake: anayeyaona kwanza hachoti kabla hajaita. Hata kama mtungi wako uko mkononi, unaita kwanza, ili watu wa vyumba vyote wapate kukimbia. Ukichota kimya kimya, watu hawakusemeshi mwezi mzima. Na kwa vile kukhu alikuwa langoni na mandazi yake, karibu kila mara aliyeita alikuwa yeye. Alikuwa na sauti ya kupasua bati. Akiita, mtu aliacha nyama kwenye sufuria, mwingine alitoka na povu la sabuni masikioni.

Kutu waliingia kwetu kwa sababu mwimbaji wao alikuwa mpwa wa mwenye ploti. Alipewa stoo ya nyuma iliyokuwa ya mahindi, na huko wakajazana na gita mbili, spika iliyopasuka na nywele za kutisha. Majirani walisema ni waabudu shetani. Mama mmoja wa chumba cha saba alinyunyiza maji ya chumvi mlangoni pake siku tatu mfululizo. Kukhu aliwatazama mara moja akasema hao si mashetani, hao wamekonda.

Kuanzia hapo akawa ndiye hakimu wao. Walipiga, yeye akaendelea kukanda unga uani. Wimbo ukiwa mzuri, hakusema kitu, ila alipeleka chai ya maziwa kwenye birika na mandazi ya jana. Wimbo ukiwa mbovu, aliingiza kichwa stooni akauliza swali moja tu: "Mmekula?" Akaondoka. Wao walijua maana yake. Mwimbaji alikuwa akitupa kalamu chini na kuanza maneno upya. Nimewaona mara tano wakiutupa wimbo mzima kwa sababu ya neno hilo. Siku hizi mtu akisema albamu ile haina wimbo dhaifu, mimi hucheka peke yangu, kwa sababu najua dhaifu zote ziliulizwa kama zimekula.

Shida yao ilikuwa ngoma. Mpiga ngoma, kijana wa hapo hapo Kangemi aliyebeba mawe ya ujenzi mchana, alikuwa na matoazi mawili na ndoo. Ndoo haina tumbo. Kukhu alivumilia ile ndoo miezi miwili, kisha siku moja akaingia ndani, akatoa chini ya kitanda ngoma ya kanisa.

Hapo lazima nikueleze. Kanisa la kukhu lilikuwa lile la kanzu nyeupe, wanaotembea barabarani Jumapili wakiimba na bendera. Ngoma ndiyo moyo wa kanisa hilo, na yeye ndiye aliyekuwa mtunzaji wake. Ililala nyumbani kwetu. Hatukuruhusiwa kuikalia wala kuiwekea kikombe. Jumapili asubuhi aliwasha jiko la makaa, akaielekeza ngozi kwenye moto taratibu, akiigonga kwa kidole hadi ilipoacha kusema "bu" ikasema "tung". Ndipo akaivaa begani na kutangulia mbele ya watu wote, kanzu ikiwaka jua. Sijawahi kumwona mtu anayetembea vile.

Ngoma hiyo ndiyo aliyowaazima vijana wa gita. Mchana tu, na kwa masharti, isiguswe na anayevuta sigara. Alimfundisha mpiga ngoma kuipasha moto. Kwanza alimwambia anapiga kama anayefukuza mbwa, na baada ya wiki chache akaanza kumpelekea chai. Sikiliza kaseti ya kwanza, kama unayo. Ile sauti nzito chini ya gita, inayokugonga tumboni, ni ngozi ya ng'ombe iliyoota moto wa makaa kwenye ua wetu. Kila baada ya wimbo kuna kimya kirefu, kisha vidole vinagonga, tung, tung. Wengine hudhani ni mbwembwe. Walikuwa wakiipasha.

Siku ya kurekodi walileta mashine ya kuazima, na mwisho wa siku ilikuwa irudi kwa mwenyewe. Nyimbo tano zikapita vizuri. Kwa ule wa mwisho walipanga hivi: ngoma ipige mwanzo, kisha inyamaze gita zilie zenyewe, kisha irudi kwa nguvu kumalizia. Wakati gita zinalia, mpiga ngoma akaiweka karibu na jiko ili ipate moto wa kumalizia, akaniita. Mimi nilikuwa nimejibanza mlangoni kama siku zote. Akanong'ona, "Kaa hapa. Igonge gonge. Ikianza kulia juu, itoe."

Nilikaa. Niligonga kidole kama nilivyomwona kukhu akifanya. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Ndipo maji yakaja. Kukhu aliita kutoka langoni, "Maji! Maji yamekuja! Mama, leta mtungi!" Sitaiandika kwa lafudhi yake, watu wameshacheka vya kutosha. Na kila mtu akakimbia. Usishangae kwamba hata bendi ilikimbia, wao pia walioga na kunywa. Mwimbaji alikimbia, mwenye besi alikimbia, mwenye gita aliliegemeza gita kwenye spika likabaki likivuma peke yake, mpiga ngoma alikimbia na ile ndoo yake. Mashine ya kurekodi iliachwa ikizunguka.

Na mimi nilikimbia. Nilisikia "mama", nikasahau ngoma, nikachukua mtungi wa njano nikaenda. Nilikuwa mbele ya foleni, mtungi umefika nusu, tuliposikia mlio kutoka stooni. Paa! Ngozi ilikuwa imepasuka kutoka upande hadi upande.

Mlio huo ndio mwisho wa kaseti ya "Maji Hakuna". Kelele ya kukhu, miguu, mitungi ikigongana, gita likivuma, kisha paa, basi. Watu wa mjini walisema hawajasikia mwisho wa albamu kama huo. Kwenye maonyesho, umati mzima uliita, "Maji yamekuja!" na kusubiri mlio. Sisi nyumbani hatukuusubiri kwa furaha.

Wazee wa kanisa walikuja siku ya pili, watatu, wakakaa kwenye kitanda kwa sababu viti havikutosha. Nilikuwa nyuma ya pazia. Waliuliza ngoma ilifikaje kwa watu wa nywele, na ni nani aliyeiacha motoni. Kukhu akasema, "Niliipeleka mimi. Na motoni niliisahau mimi." Wakamvua utunzaji hapo hapo.

Jumapili iliyofuata alivaa kanzu yake kama kawaida, akatoka, akajipanga nyuma kabisa, na akatembea akipiga makofi. Alitembea hivyo mpaka alipokufa. Mikono iliyoizoea ngoma haikujua pa kukaa, nami nilimfuata nyuma nikiitazama.

Sikumwambia. Mpiga ngoma alijua alimwachia nani ile ngoma, lakini hakunitaja. Kama kukhu alijua, mimi sikujua. Nilikuwa nikipanga kumwambia nikimaliza darasa la nane, kisha nikimaliza shule, kisha nikipata kazi nimnunulie kitambaa kizuri halafu nimwambie. Akafa nikiwa bado napanga. Ndiyo sababu nimekuwa nikisikiliza mwisho wa kaseti ile kila Jumapili. Nilikuwa nikimsikia akiniita kabla sijakosea.

Sasa umeelewa kichefuchefu kilitoka wapi.

Nilipata namba ya mwimbaji kwa mtu wa kazini, nikamwandikia kwamba nataka kunakili, kwa simu yangu tu, ule mkanda wa asili. Akanijibu kwa shangwe. "Dadangu! Kuja Jumamosi ukule na sisi." Anaishi Muthangari. Barabara ile ile mama yangu aliyoitembea na sabuni kwenye kikapu, sasa mimi nabonyeza kengele ya lango nifunguliwe kama mgeni wa heshima. Nyasi zimekatwa, mbwa ameoga kuliko sisi tulivyokuwa tukioga.

Kabla sijasema shida yangu akaniketisha, akanipigia albamu nzima. Nyimbo kumi na moja. Nilijaribu kuwa mwema, nakuapia. Sitaki mtu aimbe matope maisha yake yote. Watu hupata pesa, hukua, ni haki yao. Na vidole vyao sasa havikosei, kila kitu kiko mahali pake. Lakini kuna nini mahali hapo? Hakuna kitu! Kaseti ya kwanza ilikuwa na wimbo wa mbwa wa mwenye ploti, wimbo wa bati linalovuja juu ya daftari la hesabu, wimbo wa mtu aliyefukuzwa kibarua saa nne asubuhi asijue aende wapi hadi jioni. Ukiusikiliza unamwona akizunguka. Hizi kumi na moja ni kupanda mlima, kuona jua, kuruka, tutafika, tutafika, tutafika. Mtafika wapi na nyinyi mko Muthangari? Ngoma ni ya kompyuta, inapiga kama saa ya ukutani. Mpiga ngoma walimwacha, nikaambiwa, kwa sababu "hakuwa anaingia kwa mtindo mpya". Na maneno ni ya mtu ambaye miaka mingi hajakimbilia chochote.

Wimbo wa mwisho ukafika. Yule mchekeshaji akapiga kelele zake. Mwimbaji akacheka huku akinitazama ili tucheke pamoja. Mezani kulikuwa na kuku, chapati, nyama ya kukaanga, matunda yamekatwa vizuri. Mimi nikamwangalia usoni nikamuuliza kama alivyokuwa akiulizwa.

"Mmekula?"

"Bado!" akasema, akinyanyuka. "Tumekungoja wewe. Karibu, jisikie uko nyumbani."

Alikuwa amesahau. Ningemsamehe kila kitu, lakini hilo lilinichoma. Mtu aliyekuwa akitupa kalamu kwa sababu ya neno hilo!

Nikamuuliza mkanda wa asili uko wapi na kwa nini wameuondoa mtandaoni.

"Ah, ile ilikuwa na makelele mob, mengi mno," akasema akichovya chapati. "Mara mitungi, mara mtu anaita mtoto. Siku hizi msee akisikiliza hana hiyo subira. Tumeisafisha tu. Lakini skiza, nilikuwa hata nikutafute." Wiki mbili zijazo wanazindua albamu katika ukumbi mmoja karibu na Jamhuri. Angependa nipande jukwaani. "Wewe ndio damu ya kukhu. Unavaa ile kanzu nyeupe na kitambaa, unashika mtungi, mchekeshaji anaita, unaingia ukikimbia. Watu watapenda vibaya sana. Ni heshima kwake."

Nilimwambia, "Unajua kukhu alinyang'anywa ngoma ya kanisa kwa sababu yenu? Unajua alitembea nyuma mpaka akafa?"

Akaacha kutafuna. Kwa muda mfupi nilidhani nimemwona yule kijana mwembamba wa stooni. Kisha akasema, "Wacha! Hiyo ni story kali. Tunaweza kuiweka hata kwa tangazo."

Ptu! Kama si adabu aliyonifundisha huyo huyo wanayemcheka, ningetema mate kwenye zulia lake. Niliamka sijagusa hata maji. Alinifuata hadi langoni akiuliza amekosea wapi, na alikuwa akiuliza kwa dhati, hiyo ndiyo iliyonichukiza zaidi. Nilimuuliza tena juu ya mkanda. Akasema ule wenyewe, mbichi, alimwachia mpiga ngoma walipoachana, kama hajautupa.

Jumapili baada ya kanisa nikateremka Kangemi. Ploti yetu sasa ni ghorofa tano, rangi ya samli, kila nyumba na mfereji wake ndani. Mlinzi aliniambia mifereji ni mikavu, watu hununua maji kwa mikokoteni, kila mtu na yake, wakipanda ngazi kimya. Nikasimama langoni nikitafuta mahali kukhu alipokuwa akiweka karai la mandazi. Pamewekwa kibao cha kuzuia kuegesha magari.

Mpiga ngoma ana kibanda cha kutengeneza redio karibu na soko. Ana mvi, mabega bado ni ya kubeba mawe. Hakunitambua mpaka niliposema mimi ni mtoto wa ile ngoma. Akaweka chini bisibisi.

"Mjukuu wa kukhu," akasema. "Umechelewa sana."

Hakuuliza nimekuja kwa nini. Alivuta mkebe wa biskuti kutoka juu ya rafu, akatoa kaseti iliyofungwa kwa mfuko wa unga, akaitia kwenye redio aliyoitengeneza mwenyewe. Akaisogeza hadi wimbo wa mwisho. Nje soko lilikuwa limejaa, mtu akiuza parachichi kwa kipaza sauti, mpiga ngoma akafunga mlango.

Ngoma ya kukhu ikapiga. Nilikuwa nimesahau ilivyo bila simu, ile ngozi yenyewe ikikuingia tumboni. Gita zikalia. Nikasikia tung, tung, tung ndogo, nikamtazama mpiga ngoma, naye akatikisa kichwa kukubali. Kilikuwa kidole changu. Kisha kukhu akaita. Maji! Maji yamekuja! Mama, leta mtungi! Miguu, mitungi, vicheko, gita likivuma. Nikafumba macho nikisubiri mlio, na ukaja. Paa.

Kaseti tuliyouziwa ilikatika hapo. Huu mkanda haukukatika.

Gita liliendelea kuvuma. Kisha miguu ya mtu anayekimbia, na sauti ya mpiga ngoma, ya ujana: "Aki kukhu, nilikuwa nimemwambia mtoto aiangalie."

Maji yakilia mbali kwenye mitungi. Kisha kukhu, karibu kabisa na maikrofoni, bila haraka:

"Mtoto nilimwita mimi. Hukusikia nikimwita? Sasa angefanya nini, akatae? Wakija kuuliza, niliichoma mimi."

"Lakini kukhu—"

"Na yeye msimwambie kitu. Ni mtoto, atakaa nayo."

Mpiga ngoma hakunitazama. Alikuwa akiangalia mikono yake. Alijua tangu siku ile, na alimtii mpaka leo. Mwito huo ndio waliouita makelele wakausafisha. Kumbe ile sauti ya kuita maji, waliyolipa mtu aiige ili watu wacheke, ndiyo kosa aliloamua kulibeba badala yangu, na akalibeba mpaka kaburini kwa kupiga makofi.

Kwenye mkanda kukasikika ngozi iliyochanika ikiguswa. Kukhu akashusha pumzi ndefu. Miguu ya wengine ikaingia, mmoja baada ya mwingine. Kisha akawauliza, kwa sauti ile ile ya kila siku, kama mtu ambaye hajapoteza kitu:

"Mmekula?"

Mashine ikakata.

"Bado, kukhu," nikasema kwa sauti, katikati ya kibanda cha watu, machozi yakinidondoka kwenye viatu vya kanisa. Mpiga ngoma hakucheka. Alifungua mlango, akamwita mwenye mandazi.